Salamu katika Kisima cha Pili

Mimi ndiye niliyeleta michezo ya televisheni Garissa. Wako watakaobisha, hasa wale waliofungua vibanda vyao baadaye kwa televisheni za kuazima, lakini muulize mtu yeyote aliyekuwa akinywa chai karibu na soko la mifugo katika miaka ya tisini. Atakuonyesha mlango wangu. Nilikuwa nimerudi kutoka India na stashahada ya elektroniki niliyoipata kwa jasho langu, mchana darasani, jioni nikitengeneza redio za watu nyuma ya duka la mwenye nyumba wangu. Hakuna aliyenichangia. Hakuna harambee iliyofanywa. Stashahada hiyo niliitia fremu ya kioo nikaitundika juu ya televisheni, ili kila anayekaa kucheza ajue ameketi mbele ya kazi ya nani.

Chumba tu ndicho hakikuwa changu. Kilikuwa cha abti, kaka yake mama yangu, mfanyabiashara wa ngozi na ngamia ambaye mji mzima ulimnyamazia alipoanza kusema. Kwa miaka mingi kilikuwa ghala lake la ngozi, na hata baada ya mimi kupiga chokaa na kumwaga mchanga safi sakafuni, siku za joto kali kuta zilitoa harufu ya chumvi na mafuta ya mbuzi. Aliponipa ufunguo alisema neno moja tu.

"Pawe mahali pa heshima, abti."

Kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilohilo, kwa hiyo yeye alikuwa abti kwangu na mimi abti kwake. Lakini ufunguo ulikuwa wake.

Mchezo ulioujaza ukumbi ule ulikuwa wa mafumbo. Jina lake halisi liliandikwa kwenye kaseti kwa herufi ambazo hata mimi sikuzisoma, kwa hiyo tukauita Kisima. Mawe ya rangi yalishuka kutoka juu hadi ndani ya shimo refu, na kazi ya mchezaji ilikuwa kuyapanga. Matatu ya rangi moja yakikutana, yanatoweka. Shimo likijaa hadi mdomoni, umekwisha. Mawe yale yalishuka polepole kama punda wa maji anayerudi kijijini, na watu wetu waliupenda kwa sababu hiyo hasa. Waliucheza kama walivyocheza shax, ule mchezo wa kuchora miraba mchangani na kupanga vijiti na vijiwe. Katika shax hakuna anayekaa peke yake. Wawili wanacheza na kumi wanashauri, na wanaoshauri ndio wanaogombana. Tena mwanzoni mwa shax unaweka tu vijiwe vyako, hakuna kinacholiwa mpaka vyote viwe chini, kwa hiyo mwanzo ni wakati wa kupiga soga, kuagiza chai na kuulizana habari. Kisima kiliruhusu yote hayo. Mtu aliingia, akatoa salamu, mchezaji akageuka akaitikia, akauliza habari za watoto, mvua na mifugo, kisha akarudi kwenye mawe yake na kuyakuta karibu palepale alipoyaacha.

Abti ndiye aliyekuwa bingwa. Alikuja kila siku baada ya sala ya alasiri, akavua viatu, akaketi kwenye mkeka, akashika kile kidude cha vitufe kwa mikono miwili kama mtu anayepima ndama. Mwisho wake alikimaliza Kisima chote, mpaka hatua ya juu kabisa. Na alipokimaliza, ukumbi ukaanza kufa. Nani atarudia kisima alichokwisha kukikausha? Nilihesabu mikeka mitupu nikaelewa, kabla ya mtu mwingine yeyote kuelewa, kwamba mji huu ulihitaji kisima kipya. Nikapanda basi hadi Nairobi, nikazunguka Eastleigh duka kwa duka, na nikarudi na kaseti ya Kisima cha Pili. Nawaambia, hata Nairobi kwenyewe wengi hawakuwa wameiona.

Siku ya kwanza watu walijaa mpaka dirishani. Siku ya tatu walikuwa wakinilaani.

Kisima cha Pili hakikumngoja mtu. Mawe yalianza kwa kasi ambayo kile cha kwanza kilikuwa nayo mwishoni. Sakafu ya shimo nayo ilipanda, kidogo kidogo, mchezaji awe amefanya kosa au hakufanya. Kulikuwa pia na jiwe jeusi lisiloondoka mpaka uondoe majirani zake wote, na jiwe hilo lilikuja mapema, wakati ambapo watu wetu bado walikuwa wakiweka mawe popote na kuagiza chai. Kosa la dakika ya kwanza lilikaa kimya chini kabisa, halafu likakunyonga hatua ya tatu. Hakuna aliyevuka hatua ya tatu.

"Hii mchezo iko na wazimu," alisema mchinjaji, mtu mnene mwenye sauti ya mnadani, ambaye alikuwa wa pili kwa abti katika Kisima cha kwanza. "Ile ya kwanza ilikuwa inafundisha wewe, halafu inakupiga. Hii inakupiga, na haifundishi!"

"Inakufundisha, ila wewe unaongea," alisema mwalimu. Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa bara aliyehamishiwa sekondari ya mjini, na kwa sababu yake na ya askari wawili watatu, ukumbini tulizungumza Kiswahili badala ya lugha yetu. Yeye peke yake ndiye aliyekipenda Kisima cha Pili. "Cha kwanza mlikuwa mnakimaliza mkisinzia. Hiki kinataka mtu afikiri tangu jiwe la kwanza."

"Kufikiri kwa haraka ni kufikiri? Huko kwenu mnafikiri mkikimbia?"

"Na nyinyi mnafikiri kwa kamati."

"Waryaa, we mwalimu, cheza basi tuone!"

Mwalimu akacheza, akafia hatua ya tatu kama wengine, na kelele zilizopigwa zilisikika mpaka msikitini. Mimi nilikuwa upande wake, ingawa sikusema, kwa kuwa mwenye ukumbi hachagui upande. Mtu aliyesoma mizunguko ya umeme anajua kwamba kitu kizuri si lazima kiwe rahisi. Mchezo ule ulikuwa umetengenezwa vizuri. Ulikuwa umetengenezwa tu na watu wasiosalimiana.

Maana hapo ndipo matatizo yalipoanza. Alasiri moja mchinjaji alikuwa karibu kuvuka hatua ya tatu, ukumbi umesimama, hata washauri wamenyamaza, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mlango ukafunguliwa. Mzee mmoja muuza maziwa akaingia na kusema kwa sauti nzuri iliyojaa, "Asalaam aleikum!" Mchinjaji akageuka, akaitikia, kwa sababu kuitikia salamu ni faradhi. Aliporudisha macho, mawe yalikuwa mdomoni mwa shimo. Alikitupa kidude ukutani, akamwendea yule mzee kifua mbele, na ilibidi askari wamshike mikono. Mzee wa watu alisimama pale akiuliza amefanya nini.

Siku iliyofuata nilichora tangazo kwa rangi nyekundu, herufi za mraba nilizofundishwa chuoni, nikalipigilia mlangoni: MCHEZAJI HASALIMIWI. Mpaka leo nasema lilikuwa tangazo la busara. Lilizuia damu. Lakini maneno yanayotembea hupunguzwa uzito njiani, na yangu yalipofika kwenye vibanda vya chai yalikuwa yamebaki haya tu: amekataza salamu. Injinia karudi kutoka India na amekataza salamu. Ijumaa, watu walipokuwa wakitafuta viatu vyao nje ya msikiti, mtu alimuuliza abti mbele ya wote, "Ni kweli ndani ya nyumba yako salamu ni marufuku?"

Abti akavaa viatu vyake. Alikuja kwangu moja kwa moja. Alisimama mlangoni akasoma tangazo lile taratibu, akaling'oa kwa mkono, misumari na yote, akaliegemeza ukutani, herufi zikiangalia ukuta.

"Abti, sikukataza salamu," nilisema. "Nilikataza wakati wa kucheza tu. Mchezo wenyewe ndio—"

"Nimekuita mwongo?"

"Hapana, abti."

"Basi sikiliza. Kesho baada ya alasiri nitakaa hapo mwenyewe, na mlango utakuwa wazi. Nikivuka hatua ya tatu, vizuri. Nikishindwa kwa ubovu wangu, sawa, wengi wameshindwa. Lakini nikishindwa kwa sababu mtu amenisalimia, mchezo huu na adabu havikai chumba kimoja. Ngozi zangu zitarudi kabla ya magharibi."

"Na nani ataamua umeshindwa kwa nini?"

Alinitazama kama nimeuliza nani mwenye mkono wake.

"Mimi."

Sikuweza kula usiku ule. Bila chumba kile ningerudi kuwa fundi wa redio kwenye baraza za watu, mimi na fremu yangu ya kioo. Tena nilimjua abti. Hakuwahi kushindwa mbele ya watu, na sasa alikuwa amejiwekea mlango wa kutokea. Akishindwa, angesema ni salamu, na hakuna ulimi mjini ambao ungembishia.

Kesho yake mkokoteni ulifika kabla yake. Punda wawili, vibarua wawili wa ghalani, watu wazima wenye ndevu, na rundo la ngozi mbichi zilizokunjwa, zimefungwa kamba. Waliuegesha mbele ya mlango wangu, wakakaa kivulini kungoja. Nzi wakaingia, harufu ikafuata. Kuta zangu, nilihisi, zilikuwa zikiitambua.

Abti akaja, akavua viatu, akaketi. Watu walijipanga kuta zote. Mchinjaji alikuwa nyuma yake, mwalimu pembeni karibu na swichi. Nikawasha.

Alianza alivyozoea. Mawe ya kwanza aliyaweka kwa mkono mlegevu, kama vijiwe vya shax, huku akimwambia mchinjaji habari za bei ya mbuzi. Nikaona jiwe la buluu likienda kona ya kushoto, ambapo halikuwa na mwenzake, na jiwe jeusi likikaa juu yake. Mwalimu naye aliona, kwa maana alinitupia jicho. Siku ile abti alikuwa amekataza ushauri.

Lakini baada ya hapo, wallahi, alicheza. Hatua ya kwanza akaimaliza. Hatua ya pili akaimaliza kwa namna ambayo hata mimi mwenye mashine sikuijua, akiuacha upande mmoja uinuke ili apate nafasi upande wa pili. Hakusema tena habari za mbuzi. Jasho lilimtoka chini ya kofia. Hatua ya tatu ikaanza, mawe yakashuka kama changarawe inayomwagwa, na nilisikia pumzi za watu wote chumbani, na nje punda akipiga kwato. Sakafu ya shimo ikapanda. Akaishusha. Ikapanda. Akaishusha.

Ndipo kivuli kikaziba mlango.

Alikuwa mfanyabiashara wa ngamia kutoka Wajir, mtu mrefu mwenye vumbi la safari mpaka kwenye kope, mshirika wa abti wa miaka na miaka. Alikuwa ameshuka kwenye lori dakika ileile, akaambiwa abti yuko hapa. Hakujua lolote. Mchinjaji alinyoosha mkono kumzuia, lakini huwezi kumziba mtu mdomo anaposalimia.

"Asalaam aleikum!"

Ukumbi mzima ulikuwa ukitazama vidole vya abti.

"Waaleikum salaam," alisema, bila kugeuka, na jiwe moja likaanguka vibaya.

Mgeni hakuridhika, na hakuwa na kosa. Kwetu mtu aliyetoka safari ya mbali hapewi kisogo. "Ni nabad, ni amani? Habari ya hapa?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepungua kidogo, kama mtu anayejiuliza amekosana na nani.

Abti akabonyeza kitufe cha katikati.

Lazima niwaeleze kitufe hicho. Kilisimamisha mchezo, na kilikuwepo tangu Kisima cha kwanza, lakini hakuna mwanamume aliyekigusa. Aliyesimamisha aliitwa mgonjwa. "Lala, mama atakufunika!" walimwambia. Tena mchezo ukisimama, kioo chote kinakuwa cheusi, mawe yote yanafichwa, usije ukapata nafasi ya kufikiri. Unaporudi huyakuti kichwani mwako. Na kulikuwa na jambo la tatu ambalo mimi tu nililijua: mashine ile, ikisimamishwa muda mrefu kwenye joto la Garissa, ilichemka na kuganda. Ikiganda, kila kitu kimepotea. Nani angesema basi kwamba haikuwa salamu?

Abti akakiweka kidude mkekani, akainuka, akampa mgeni mikono yote miwili.

"Karibu. Karibu sana. Warran?"

Yaani, lete habari. Na mgeni akaleta. Mvua imenyesha Buna, lakini upande mmoja tu. Visima vya Wajir vina maji, ila ngamia wamekuwa wengi na watu wanagombania zamu. Jike fulani jeupe ambalo abti alilipenda limezaa. Mzee fulani amefariki, na abti akainua mikono akamwombea, na sisi sote tukaitikia amin, na mimi nikiitikia nilikuwa nimeweka kiganja juu ya mashine. Ilikuwa moto kama birika.

"Injinia," mchinjaji alininong'oneza, "itazima?"

"Haitazima mimi nikiwapo," nikamjibu.

Sikuwa na feni. Nikaangalia huku na huku, nikaishusha stashahada yangu kutoka ukutani na kuanza kuipepea mashine kwa fremu. Mwalimu akafungua dirisha la nyuma na kukaa tayari kwenye swichi. Nilipepea mpaka bega likauma. Vyuo vingi hutoa vyeti, lakini ni vichache vilivyowahi kuokoa mashine namna ile.

Habari zikaisha. Abti akamwonyesha mgeni mahali pa kukaa, karibu naye, akaagiza aletewe chai. Kisha akaketi, akashika kidude, akabonyeza.

Kioo kikawaka. Mashine haikuganda. Mawe yakarudi yote kwa mpigo mmoja, na yakaendelea kushuka kana kwamba hakuna aliyefariki na hakuna jike lililozaa. Abti akapanga moja, la pili, la tatu. Sakafu ikapanda upande wa kushoto. Akajaribu kuishusha. Haikushuka. Ikapanda tena, na mawe yakafika mdomoni, na mlio ule mbaya ukalia.

Halafu mchinjaji, ambaye hakuwahi kukaa na neno mdomoni, akasema, "Salamu imemuua."

"Ni mimi?" aliuliza mgeni. Alikuwa na kikombe mkononi na hakukinywa. "Nimeharibu kitu?"

Watu wa mkokoteni walikuwa wamesimama mlangoni, mmoja ameshika fundo la kamba. Mimi nilikuwa nimesimama na fremu yangu kifuani. Abti aliendelea kuangalia kioo kilichokufa. Ingemgharimu neno moja tu. Bingwa angebaki bingwa, mgeni angebaki na aibu yake, na kuta zangu zingerudishiwa chumvi yake.

Akanyoosha kidole akagusa kioo, chini kabisa, kona ya kushoto.

"Hapa," alisema. "Jiwe la buluu. Nililiweka nikiongea habari za mbuzi, kabla huyu hajashuka kwenye lori. Jeusi likakaa juu yake, na sikuweza kulitoa tena. Nilidhani mwanzo ni mwanzo tu." Akamgeukia mgeni. "Kunywa chai yako. Wewe umenikuta nimeshakufa zamani."

Mwalimu aliachia pumzi. Mimi nilikuwa nikijua tangu mwanzo, kama nilivyosema, lakini kulijua jambo mimi na kulisema yeye mbele ya watu wote wale ni vitu viwili mbalimbali, na kwa hilo nampa haki yake.

"Na ngozi?" aliuliza mtu wa mkokoteni.

"Ngozi zinafanya nini hapa kwenye nzi? Zipelekeni kwenye ghala jipya."

Tukasikia magurudumu yakigeuka kwenye mchanga, na punda wakilalamika. Nikaitundika fremu mahali pake. Abti akanitazama na kuuliza kumebaki muda gani kabla ya magharibi. Nikamwambia upo, si mwingi.

"Washa," akasema.

Nikawasha. Safari hii jiwe la kwanza lilipotokea juu ya shimo hakumwambia mtu habari yoyote. Alikaa mbele, mgongo umenyooka, akaligeuza mara mbili kabla ya kulishusha. Mgeni kutoka Wajir, aliyekuwa hajawahi kuuona mchezo wowote wa televisheni maishani mwake, alikivuta kikombe chake karibu, akakunja macho kwenye kioo, akanyamaza kwa muda mfupi sana.

"Waryaa," akasema. "Hilo lingine lipeleke kulia."